Wakusome, Hata Wakikuangusha

Mpendwa kaka Owino,

Nimekikataa cheti chako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda maneno ya kuzungukazunguka. Walitaka kukupa cheti cha heshima, jina lako kwa herufi za dhahabu na mhuri wa chuo chini yake, kipelekwe kwa mama yako Kendu Bay kitundikwe sebuleni karibu na kalenda ya kanisa. Mimi, mwakilishi wa wanafunzi, Mkuria mmoja katikati ya maprofesa, nikasema hapana. Sasa wengine wananiita mkatili. Wacha waniite. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, waisome na wao, maana nimechoka kunong'ona kwenye korido.

Unakumbuka tulivyoingia katika programu ile? Shahada ya uzamifu ya ikolojia, inayoendeshwa na idara tatu kwa pamoja: Kemia, Zuolojia na Jiografia. Siku ya kutukaribisha walituambia kwamba maumbile hayana mipaka ya idara, na sisi tukapiga makofi kama watu waliopewa shamba. Kamati moja ya pamoja, wajumbe kutoka kila idara, mwakilishi mmoja wa wanafunzi, na uenyekiti unazunguka mwaka hadi mwaka. Ulinigusa kiwiko ukasema, "Boke, hapa ndipo kwetu." Nilikuamini.

Kisha tukakutana na ile benchi. Ilikuwa kwenye korido, na ukiikalia ungeweza kuona milango yote mitatu. Wewe ulikuwa unafuata zebaki, ile wanayotumia wachimbaji wa Macalder kunasa dhahabu, uone inafika wapi ikishaoshwa: kwenye tope, kwenye mafunjo, kwenye mto, kwenye samaki. Kemia walikwambia samaki si wao. Zuolojia wakakwambia zebaki si yao. Jiografia wakasema mto ni wao, lakini maji yaliyomo wakaulizwe wengine. Ulirudi kwenye benchi ukicheka mpaka machozi yakakutoka, ukaniuliza kama ninajua idara inayoshughulikia mtu mzima, bila kumkata vipande. Mimi sikucheka. Nilikuwa na tasnifu yangu ya nzige na mashamba, na nilijua zamu yangu inakuja.

Siku ya kwanza Macalder ulinibebesha ndoo ya chupa za sampuli, ukanitania kwamba mimi ni Mkuria wa kwanza uliyemwona akiogopa maji yanayofika magotini. Wale akina mama waliokuwa wakiosha mchanga kwenye karai walituangalia bila kuacha kazi. Mmoja, mwenye kanga ya kijani, akakuuliza, "Nyinyi ni wa serikali? Mmekuja kutufunga?"

"Mama, serikali ingekuja na viatu vizuri," ulimjibu, ukainua gambuti lako lililotoboka.

Walicheka wote, na tangu hapo tukawa wenyeji. Lakini yule mama hakuachia hapo. Alitaka kujua kama tukipata kitu tutarudi kuwaambia, ama tutaandika kitabu tukikalie. Ukamwambia utarudi, ila lazima kwanza wakubwa wako waseme kazi yako iko sawa.

"Wakubwa wako ni wangapi?"

"Watatu."

"Yawa!" akasema. "Basi tutangoja sana."

Nimewahi kusikia mihadhara mirefu juu ya uongozi wa vyuo, kaka. Hakuna uliofika mbali kuliko hapo.

Na Kosele je? Gurudumu la pikapu lilipotoboka siku ya soko, tukakaa tukila nyoyo, mahindi na maharagwe, kwenye sahani moja, dereva akihangaika na jeki ya kuazima. Nililalamika sana. Nilisema bora programu ivunjwe, kila mtu arudi idara yake, angalau tuwe na mwenyewe wa kutujibia. Ulitafuna mahindi yako polepole, ukanieleza juu ya boma la babu yako. Nyumba tatu, mama watatu, na mtoto alikula katika nyumba yoyote aliyoikuta na moto. "Hakuna maisha mazuri kama hayo," ulisema. "Shida ni moja. Mtoto akilala njaa, kila mama anasema alidhani amekula kwa mwenzake." Nikakuuliza dawa yake ni nini, kubomoa nyumba mbili? Ulinitazama kana kwamba nimetukana ukoo. Ulisema dawa ni nyanya, bibi wa boma, kuuliza kila jioni mbele ya mama wote: huyu amekula wapi? Aulize kwa sauti, na asiende kulala mpaka ajibiwe.

Wewe mwenyewe hukuuliza kwa sauti. Hapo ndipo ninapokukasirikia hata leo, na nitakwambia hata kama hupo. Ulikuwa mpole mno. Ulimaliza tasnifu, ukapeleka nakala kila idara kwa mikono miwili, ukarudi kungoja. Wateule wa kuisoma walitakiwa wapitishwe na kamati, na kamati haikukaa. Mara akidi haijatimia, kwa sababu kila idara ilidhani wajumbe wa wenzao watatosha. Mara mwenyekiti zamu yake inaisha, anamwachia anayekuja. Anayekuja naye anasema hawezi kuanza na kiporo cha mwenzake. Nikikuhimiza upige meza, unaniambia, "Pole pole, nyaminwa. Ni watu wazima, watafika." Uliniita dada yenu kwa Kiluo, nami nikanyamaza kwa ajili ya neno hilo. Homa ikafika kabla yao.

Sasa nikusimulie mazishi yako, maana wewe ndiye uliyekosa kuyaona na ungeyapenda. Kwaya ya Wasabato iliimba vizuri. Dada zako walipanga turubai mpaka barabarani. Watu wa Macalder walikuja, naye mama wa kanga ya kijani alikuwepo. Ilipofika zamu ya chuo, emsii akashika maikrofoni akasema, "Sasa tunamwomba mkuu wa idara ya marehemu asimame."

Wakasimama watatu.

Kaka, nisamehe, nilicheka kwenye mazishi yako. Walisimama kwa pamoja, wa Kemia, wa Zuolojia na wa Jiografia, kila mmoja na karatasi ya hotuba mkononi, wakatazamana kama watu waliokutana kwa fundi wakidai suti moja. Wewe uliyekaa kwenye benchi ukiwa hai, bila mtu wa kusema wewe ni wake, ulipokufa ukagombewa. Emsii hakukosa neno: "Kumbe ndugu yetu alikuwa na wakuu watatu! Alikuwa mtu mkubwa sana." Matanga yote yakaangua kicheko. Wakazungumza wote. Mmoja akasema tumempoteza mwanakemia wetu. Wa pili akasema mwanazuolojia wetu. Wa tatu akasema chuo hakijawahi kuona mtu aliyeujua mto kama wewe. Nilisikiliza kila neno nikalimeza, nikijua nitalihitaji.

Walipokaa, mama yako akanivuta karibu. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "kati ya hawa, nani alikuwa anasomesha mtoto wangu?"

"Ni wote, mama."

"Hao wote ni nani?"

Nilimshika mkono tu, tukaangalia mchanga ukitupwa.

Haikupita muda, kamati ikakaa. Ndiyo, ile ile iliyokosa akidi ulipokuwa hai, sasa ilijaa mpaka viti vikaazimwa. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza, programu ivunjwe na kila mwanafunzi arudishwe katika idara moja. Ya pili, wewe upewe cheti cha heshima. Kumbe zilikuwa ajenda moja, kaka, maana programu ikivunjwa tasnifu yako haina nyumba, na cheti ndicho kitambaa cha kuifunikia.

Mwenyekiti wa zamu alianza na methali. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema, na vichwa vikatikisika kwa kukubali. Msimamizi wangu alikuwa ameketi karibu nami, akaniinamia: "Boke, nawe una tasnifu yako. Nyamaza, upite salama." Alinitakia mema, najua. Lakini nilikuona wewe ukibeba zile nakala kwa mikono miwili, na kiti kikanichoma.

Nikasimama. Nilisema chombo hiki hakijaenda mrama kwa sababu ya manahodha wengi, hakijang'oa nanga hata siku moja, maana kila nahodha yuko ufukweni anangoja mwenzake apande. Nikasema sitaki programu ivunjwe, nataka iendeshwe. Zebaki inayotoka Macalder haitasimama mlangoni pa Kemia kuomba ruhusa ya kuingia Zuolojia. Kisha nikawasomea kutoka kichwani hotuba zao za Kendu Bay, moja baada ya nyingine. "Mbele ya kaburi mlisema ni wenu. Basi leo mtajeni msomaji mmoja kila idara. Hapa hapa."

Mwenyekiti akaniambia kwa upole, ule upole wa kumfungia mtu mlango, kwamba kamati inaelewa uchungu wangu, na cheti ni njia ya utu zaidi. Mtihani wa mdomo unamtaka mtahiniwa awepo.

"Nitasimama mimi," nikasema. "Nilibeba chupa zake. Kila ukurasa nimeusoma."

"Kanuni haisemi hivyo."

"Kanuni haisemi wala haikatazi. Na sisi ndio kamati inayotunga kanuni, ama tulikuja kunywa chai?"

Mtu akakohoa. Wa Jiografia akauliza, akiwa amekunja uso wa huruma, "Na akianguka je, Boke? Unataka kumwaibisha marehemu? Cheti hakina hatari."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikawaambia cheti kisicho na hatari ni cha mgonjwa na mtoto mdogo. Owino hakuwa mgonjwa wa kuhurumiwa. Aliandika tasnifu. Alisema jambo juu ya mto, na jambo hilo ama ni kweli au si kweli, na watu wanakunywa maji ya mto huo leo. "Isomeni," nikasema. "Mkiona ina makosa, mwangusheni. Ana haki ya kuanguka kama wanafunzi wengine wote. Hana haki ya kutosomwa."

Wa kwanza kujibu ni yule profesa mama wa Kemia, uliyemwogopa mpaka ukawa unapita nyuma ya jengo usikutane naye. Alivua miwani, akaipangusa, akasema, "Nitamsoma. Na msidhani nitamhurumia. Sura yake ya pili ina mambo ninayotaka anijibu."

Alisema "anijibu", kaka, kana kwamba uko hai. Nililia pale pale, mbele yao wote, na sikuona haya.

Baada yake Zuolojia hawangeweza kubaki nyuma, unawajua, na Jiografia wakafuata wakinung'unika. Wasomaji watatu wametajwa. Suala la kuvunja programu limeahirishwa, halijafa, na najua watalirudisha nikiwa sipo au nikiwa nimechoka. Nitakuwepo, na nimeanza kuwafundisha wanafunzi wapya wawe wakiuliza kwa sauti, kila kikao, tasnifu ya nani imelala njaa. Msimamizi wangu hanisalimu vizuri siku hizi. Huenda nikalipia hili. Sawa. Afadhali nichelewe nikiwa nimesema kuliko nipite nikiwa bubu.

Nimekukosa, Owino. Nikikaa kuipitia sura yako ya pili nakuta utani wako kwenye maelezo ya majedwali na natamani nikupige kofi. Umeandika kwamba sampuli moja ya Kendu Bay ilimwagwa na mbuzi wa mama yako. Profesa mama ataniuliza juu ya mbuzi huyo, nami nitajibu vipi bila kucheka?

Wiki jana nilienda kwenu kumweleza mama. Nilimkuta anaanika omena, tukaendelea pamoja huku nikimweleza yote: kwamba hakuna cheti, kwamba nimekikataa kwa niaba yake bila kumuuliza, kwamba maprofesa watatu wanasoma kitabu chako, na kwamba nitasimama mbele yao niulizwe mahali pako. Niliogopa. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kutandaza samaki mpaka turubai ikajaa, kisha akanyoosha mgongo.

"Sasa atapita?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Wanaweza kumwangusha."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Basi," akasema, "ni mtihani wa kweli."

Pumzika, kaka. Kusimama niachie mimi.

Ni mimi, dada uliyejipatia chuoni,
Boke