Bawa la Mvule

Jumatatu, 10 Julai 1995

Lukelo amefika saa kumi jioni — kwa gari lake mwenyewe! Jekundu, milango miwili, fupi kuliko ndama. Tumbo lake lilikwaruza mfereji wa hapo nje, mama yake akatoka jikoni akidhani bati limeanguka. Limepitaje barabara ya Kidatu? Hakunieleza. "Shikamoo, Baba. Hii ndiyo spoti." Shikamoo niliiitikia. Spoti sikuiitikia.

Sababu ya kuja kwake ni njema. Mama yake, Scolastica, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi anatambua watu kwa sauti na kuchambua mchele kwa vidole. Daktari wa hapa amempa barua aende Dar es Salaam, apasuliwe Jumanne tarehe 25. Lukelo amekuja kumchukua. Hilo nalisifu.

Lakini hata chai hajaimaliza, akaanza kuuliza habari za fundi seremala. Anataka bawa. Bawa! La kufunga nyuma, juu ya buti. Alipotoka Dar hakulipata la chuma, eti litengenezwe hata la mbao. Mtu amefuata mgonjwa, anatafuta bawa. Nimeliandika hili nisije nikalisahau.

Jumatano, 12 Julai 1995

Nilimwuliza mbele ya mama yake: bawa lina kazi gani?

"Linakandamiza, Baba."

Linakandamiza nini?

"Mkia. Hewa inalisukuma chini, gari linashika barabara."

Nikamwuliza: na kwa nini wewe unalihitaji? Hapo akanyamaza, akainua kikombe kitupu. Nilifundisha miaka thelathini na minne. Mwizi wa chaki sikupata kumpiga ili aseme. Niliwaangalia tu wote, nikamjua kwa kimya chake. Wasio na hatia hupiga kelele; Scolastica nimemwambia hivyo mara nyingi.

Scolastica alimtetea. "Baba Lukelo, mwache mwanangu apambe gari lake. Wewe baiskeli yako hukuifunga kengele mbili?"

Kengele mbili zilikuwa na sababu. Moja ilikuwa mbovu.

Kazi amepewa Faustino, mchonga mitumbwi wa Kivukoni. Hakuna seremala mjini aliyekubali. Wote wana vitanda vya watu waliovuna mpunga.

Ijumaa, 14 Julai 1995

Bawa limekwisha. Faustino amelileta begani, limefungwa kwenye gunia kama maiti ya mtoto. Mvule mtupu, limechongwa kwa tezo na kung'arishwa kwa msasa na mafuta. Nakiri kwamba ni kazi safi. Nimelipima kwenye mzani wa mnunuzi wa mpunga hapo jirani: kilo tisa na robo, pamoja na miguu yake miwili.

Nilimwuliza Faustino umbo hilo amelitoa wapi. Akacheka kwa furaha. "Mwalimu, mimi sibahatishi. Nilikwenda uwanjani ile ndege ya madaktari ilipotua. Nikalipima bawa lake kwa kamba, nikalishika juu na chini. Juu limebinuka, chini limenyooka. Hili ni hilohilo, limepungua urefu tu."

Nilirudi ndani nikakaa. Bawa la ndege! Kila mtoto wa darasa la saba niliyemfundisha anajua bawa la ndege hufanya nini. Huinua. Lukelo anataka mkia ukandamizwe. Faustino amemchongea cha kuurusha. Wote wawili wamefurahi, wamelifunga kwa bolti nne, na majirani wamekuja kulipapasa.

Jumapili, 16 Julai 1995

Baada ya Misa vijana walilizunguka gari mpaka padre akauliza kuna nini. Mmoja alisema, "Sasa litapaa hili, mtaona!" Alidhani anatania.

Mimi siamini maneno, hata ya vitabu vyangu. Nilimwagiza Faustino kibawa kidogo cha umbo lilelile, urefu wa rula. Alasiri tukaenda uwanja wa ndege. Mlinzi ni Octavian. Nilimfundisha darasa la tano, hakuthubutu kutukataza. Lukelo aliendesha, mimi nikatoa mkono dirishani nimeshika kibawa. Kwa kilometa sitini kwa saa mkono wangu ulianza kupanda wenyewe! Nikakigeuza, tumbo juu. Ukashuka.

Lukelo aliona. Hakubisha. Tulipofika nyumbani alichukua spana akalipindua bawa lote. Faustino aliumia sana. "Mwalimu, mtumbwi uliopinduliwa hauvuki mto." Nikamjibu kwamba hapa hatuvuki mto. Sasa najuta kidogo. Alifanya kazi kwa moyo.

Lakini jambo halijaisha. Nguvu ile ya kushuka niliipima kwa mkono: ni ya kidole kimoja. Bawa kubwa litaizidi, sawa. Hata hivyo, kuku akitua juu ya buti hapo angekandamiza zaidi. Nikamwambia hivyo.

"Kwa sitini ni kweli, Baba. Linaanza kazi kwenye mia na ishirini."

"Uliniahidi utamwendesha mama yako kwa themanini."

"Ndiyo, Baba."

"Basi kwa themanini, bawa la nini?"

Kimya. Kimya kilekile cha Jumatano.

Jumanne, 18 Julai 1995

Lukelo alikwenda Sanje kununua ndizi za kupeleka Dar. Alipanda lori, gari akaliacha chini ya kivuli cha ukuta. Gari lake mwenyewe haliendi hata Sanje! Nililikagua. Sioni haya kuandika hivyo. Mlango wa buti ulikuwa wazi.

Niligonga bati upande wa kulia, karibu na taa ya nyuma. Sauti ya bati. Nikagonga upande wa kushoto. Sauti ya ukuta. Puti ya gereji, ya kuzibia bati lililobonyea — imejazwa nene, ikapakwa rangi juu. Ndani ya buti, chini ya zulia, chuma kimekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Gari hili limeanguka, au limegonga, na limegonga kwa mkia.

Kisha matairi. Ya mbele yana meno. Kichwa cha njiti ya kiberiti kinazama chote. Ya nyuma ni vipara. Njiti inateleza juu yake kama juu ya sahani.

Nimelirudisha zulia. Nitamngoja aseme mwenyewe. Siku mbili.

Alhamisi, 20 Julai 1995

Hakusema. Nikasema mimi, nyuma ya banda la kuku ili mama yake asisikie.

Alijikaza, kisha akashindwa. Ilikuwa Mei, Mikumi, kwenye lami, mvua inanyesha. Alikata kona, mkia ukatangulia kichwa, gari likazunguka mara mbili na kupiga ukingo. Alikuwa peke yake. Tangu siku hiyo, akifika kwenye lami iliyolowa huegesha kando mpaka ikauke. Rafiki yake mmoja wa gereji akamwambia dawa ni bawa.

"Na matairi hakukuambia?"

"Alisema pia. Lakini Baba, saizi hii haipatikani hapa. Nimeuliza kote. Kuna ya Land Rover, ya trekta na ya baiskeli. Nitanunua Morogoro."

Morogoro! Ili afike Morogoro lazima apite Mikumi. Kona ileile, matairi yaleyale, na mama yake kwenye kiti.

Nilimwambia: mwanangu, wewe umeogopa, na kuogopa si kosa. Kosa ni kwamba hofu yako umeichongea pambo. Bawa lingekuwa na maana juu ya gari lenye miguu mizima. Juu ya vipara ni kofia tu.

Alilia. Ana miaka ishirini na tisa. Nilitazama kuku.

Tumekubaliana: Scolastica atapanda treni Jumamosi alasiri, mimi nitamsindikiza. Lukelo atatangulia polepole na gari lake, atupokee stesheni Dar. Kwanza mama yake aambiwe.

Ijumaa, 21 Julai 1995

Ameambiwa. Amekataa!

"Mwanangu ametoka Dar na gari kunifuata, nikapande treni? Jumuiya nzima wameshaniaga. Na ngazi za behewa nitazionaje mimi?"

Nikamweleza habari za puti. Sikutaka, ila alinilazimisha. Akanyoosha mkono kama anayetafuta kikombe. "Upande wa kushoto, chini ya taa? Niliushika siku ileile alipofika. Bati la pale halina ubaridi."

Alijua! Siku kumi na moja alijua, akanyamaza. Nikamwuliza sababu.

"Mtoto akianguka akaficha kidonda, ukimfunua mbele za watu hatakuonyesha kingine. Nilimngoja. Wewe hukungoja."

Nilikuwa nimengoja siku mbili, nikadhani ni nyingi.

Lukelo naye amegeuka. Jana aliniahidi, leo, mama yake akicheka na kumpapasa mashavu, anasema ataendesha arobaini. Jua linawaka, anasema, mvua haipo. Nimemwuliza kama anaimiliki mvua ya Mikumi. Na sasa sijui ni nani katika nyumba hii anayeniambia jambo kamili. Hata Faustino, nilipopita Kivukoni, aliniuliza safari ni saa ngapi, kisha akatazama mtoni. Wamepanga?

Jumamosi, 22 Julai 1995, asubuhi

Wamepanga. Walitaka kuondoka alfajiri, mimi nikiwa kanisani. Nimerudi mapema, nikakuta ndizi zimeshapakiwa, na Scolastica amevaa kitenge cha sherehe.

Hawakuondoka. Ufunguo hauonekani.

Lukelo ametafuta mfukoni, chini ya viti, kwenye majani, ndani ya gunia la mchele. Amekung'uta hata mikeka. "Baba, hukuuona?" Nilimjibu kwamba kila mtu atunze vitu vyake. Si uwongo. Si jibu pia. Jibu kama hilo darasani ningelipigia mstari mwekundu.

Nimejifungia chumbani. Saa ni mbili na nusu. Treni ni alasiri. Tiketi mbili ziko ndani ya misale, kitabu changu cha Misa. Kiboksi cha chaki kipo hapa mezani, mbele ya daftari. Kalamu nimeiweka kando, nimekifunua, nimekifunika. Ufunguo bado umo. Una kamba nyekundu.

Faustino amefika, nasikia sauti yake. Anasema amekuja kuliangalia bawa lake kwa mara ya mwisho. Anamwambia Lukelo kwamba bolti moja imelegea. Lukelo anasema aiache, watu wanatafuta ufunguo. Wote wanazungumza kwa pamoja. Jirani naye yumo, anasema labda kuku amemeza.

Scolastica ameshakaa kwenye kiti cha mbele. Namwona kupitia dirisha — mlango wazi, mkoba magotini, uso ameuelekeza huku. Hawezi kuniona. Haoni hata mkono wake mwenyewe vizuri. Amesikiliza kelele zao moja baada ya nyingine, kichwa ameinamisha kidogo kama afanyavyo akichambua mchele.

Sasa amesema, kwa sauti ya kawaida, wote wakatulia:

"Acheni kutafuta. Mwalimu mbona yeye hapigi kelele?"