Mafuta ya Nazi Ndani ya Silinda

Jumapili, Machi 2006. Thornton Heath. Jua limetoka, lakini ni la kutazama tu, joto halina.

Kucha zangu ni nyeusi kwa oili na wala sina haraka ya kuziosha.

Nianze na kosa langu. Trekta dogo la Baba limekaa misimu miwili chini ya turubai kwenye bustani za kukodi, tangu Mama alipofariki. Kutu ikaingia, injini ikakamata; ukivuta kamba ya kuwashia haisogei hata kidogo. Kamati ya bustani ikatuandikia kwamba kesho Jumatatu anakuja mtu wa vyuma chakavu kulichukua, kwa kuwa haliendi. Baba, fundi wa magari tangu ujana wake kule Wete, aliisoma barua, akaikunja, akasema wachukue tu.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Alisema kama mtu anayewaambia wamchukue na yeye pamoja na trekta lake.

Basi Jumatano nilikwenda peke yangu, kwa siri. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiilainisha cherehani ya Mama kwa mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi nyumbani kwetu hayakosekani. Nikayayeyusha jikoni, nikayabeba kwenye chupa ya chai, nikachomoa plagi ya injini na kuyamimina yote ndani ya silinda. Nilirudi nyumbani najiona fundi.

Jana nikaenda kuchungulia kwenye tundu la plagi. Yameganda, meupe kama mshumaa.

Nilikaa juu ya ndoo nikacheka, kisha, niseme ukweli, nikalia.

Leo asubuhi, tukinywa chai, nikamweleza Baba yote bila kumtazama usoni. Aliweka kikombe chini. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

"Mwanangu, London hii sisi wenyewe twaganda, seuze nazi!" akasema, na papo hapo akaulizia viatu vyake.

Tulibeba chupa tatu za chai zilizojaa maji ya moto. Tukaizungushia silinda mataulo, tukayamwagia maji, mafuta yakayeyuka nikayafyonza kwa bomba la sindano. Akatia dizeli kidogo humo silindani ilainishe kutu, tukangoja. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo spana ya kuizungushia injini niliishika mimi, yeye akaweka kiganja chake juu ya changu akinielekeza. Nenda, rudi. Usilazimishe. Karibu na adhuhuri nikahisi kitu kimeachia, kidogo tu kama unywele, kisha injini ikazunguka.

Nilipiga kelele. Mzungu wa bustani ya jirani akadhani nimeumia.

Tukabadilisha oili, tukasafisha plagi, tukatia petroli mpya. Nilivuta kamba mpaka bega likauma. Mara ya tisa injini ikakohoa, ikashika, ikatoa moshi mzito, na moshi wenyewe ukanukia wali wa nazi.

Baba hakusogea. Alisimama katikati ya ule moshi, macho yamemjaa maji.

"Jikoni kwa mama yako," akasema.

Nina furaha, na wala sitaki kuipunguza kwa maneno mengi. Kesho mtu wa vyuma chakavu atalikuta trekta linanguruma, na Baba amekaa juu yake. Viatu ameshaviweka mlangoni.