Mwaka Mmoja Bila Flavian, Daktari Aliyepewa Jembe Kijijini Mollo

Flavian wetu, mwaka umepinduka tangu tulipokupumzisha, na Lydia mkeo bado anapika uji wa ulezi wa kukutosha wewe. Tunaunywa sisi, tunanenepa.

Ulikuwa daktari mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Ulimwamkia kila mzee kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, kama tulivyofundishwa nyumbani, hata ukiwa ndani ya koti jeupe.

Utafiti wako uliuanza kwa ajili ya Shangazi Kristiana. Dawa za hospitali zilimrudishia akili yake, tunashukuru, lakini miaka ilivyopita zikamwachia mdomo unaotafuna bila chakula na ulimi unaochungulia wenyewe. Wengine wakasema anatafuna kanisani, wengine eti karogwa. Akaacha Misa. Kisha akatishia kuzitupa dawa, na sisi tuliomwona kabla ya dawa hizo tukaingiwa na hofu kweli kweli.

"Shangazi, usitupe hata kidonge," ulimwambia. "Nipe muda nijue kwa nini mdomo unazidi kucheza watu wakikutazama."

Ukaenda Mollo, kijijini kwa Shangazi, na Lwitiko wa maabara, mtu wa Mbeya, mkipita asubuhi kwa wagonjwa wenye hali kama yake kukusanya mate, mpime homoni ambazo mwili humwaga mtu akiwa na wasiwasi. Lo! Kila nyumba zimepanda. Mkapongezana. Ikafika zamu ya Shangazi: akatokea nyuma ya nyumba anahema, manyoya yamemganda kwenye kitenge, akapokea kichupa atemee. Kumbe kila mlikobisha hodi, mwenyeji alitoka mbio kumkamata kuku wa mgeni! Wasomi wetu, mlikuwa mnapima mbio za kuku.

Ulicheka hadi ukakaa chini. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," ukasema. "Basi tutakaa." Mkakaa, mkapewa majembe, mkainua matuta. Lwitiko akatokwa na malengelenge viganjani, maskini. Lakini hakuna aliyekimbiza kuku tena, na mate yakaanza kusema kweli: siku Shangazi akikodolewa macho, homoni zinapanda na mdomo unachachamaa, siku akiwa na watu wake, unapoa. Hauishi, ila unapoa. Wenzako wa hospitali wakambadilishia dawa polepole, nawe ukasimama kanisani ukawaomba waumini waache kumkodolea macho.

Hata hivyo, siku ya mazishi yako alijifungia ndani kwa kuogopa macho ya waombolezaji. Tulilia mara mbili siku ile.

Sasa sikia, Flavian. Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii, hapa Milanzi, na atakayesoma somo ni Shangazi Kristiana mwenyewe. Tulimuuliza kama ataweza.

"Nitasoma," akajibu. "Mdomo ukitaka kucheza, ucheze. Mtoto wangu alikwisha kuwaeleza."

Dawa anameza, usiwe na shaka.

Unakumbukwa na mkeo Lydia, wanao Calvin na Sharon, mama yako Josefina, shangazi yako Kristiana, na Lwitiko, ambaye siku hizi anakuja na jembe lake. Hutatutoka moyoni kamwe. Na kuku wa wageni tutawakamata Ijumaa, ili Shangazi asome bila kuhema.