Beki Mpya wa Kati

Jumatano, Machi

Bado nimemkasirikia kocha. Mabeki wangu wa kati, Neema na Rehema, wamemaliza masomo ya uuguzi na kuiacha timu ya chuo, naye anasema tu, "Watapatikana wengine." Anayesimama golini ni mimi, si yeye.

Leo kamleta Zawadi, mwanafunzi mpya, mzaliwa wa Fittja, kitongoji cha hapa Stockholm, wazazi wake Wakongo. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, tena kwa sauti ya chini. Beki asiyesikika...

Mwisho wa mazoezi ikapigwa kona. Nikatoka kuudaka mpira, nikaukosa. Nilipogeuka, Zawadi alikuwa ameshauondoa kwa kichwa mstarini, na sasa anawapigia wenzake kelele kwa Kiswahili: "Pandeni! Pandeni wote!" Wakapanda, hata wasiojua neno lenyewe.

Tukivua viatu nikamuuliza lugha hiyo alikuwa ameificha wapi.

"Ndiyo ya mama akigomba, dada."

Nilicheka mpaka kocha akatugeukia.

Beki wa pili hatujampata, na ligi inaanza mwezi ujao. Hilo linanitia hofu. Lakini Jumamosi Zawadi atakuja mapema tufanye kona, sisi wawili tu. Sikumwomba. Ameomba mwenyewe.