Jibu Nililompa Noella Matangani

Kimanga, Uvira
Tarehe 9, mwezi wa tatu 2024

Mpendwa binti yangu Jolie,

Minye baba yako nimetimiza miaka sabini na nane. Nimepita vita vyote, nimepita mafuriko, nimewazika madaktari wawili waliosema sitafika mwaka mpya. Sasa nimebaki bila mama yako, na hilo bado sijalizoea. Ninyi huko Amerika muko wazima? Baridi imepungua? Huku magoti tu ndiyo yanalalamika.

Umeniandikia kwamba mwanao Noella hataki tena kuja kwenye simu yangu. Nilijifanya sijui sababu. Ninajua.

Siku ile ya matanga ya mama yako watu walijaa uani. Weye unajua nimejisifu maisha yote kwamba Kingereza nilikinywa bandarini Mpulungu, nikiwa baharia. Noella akalia kwenye simu kwa Kingereza, sikuelewa hata neno moja, na watu wote wananitazama. Nikajibu: "Yes. Very good." Wakanisifu sana. Kumbe, kama ulivyonieleza baadaye, alikuwa ananiambia amempoteza tate yake, mama yako.

Basi nimeingia masomo. Kila Jumamosi saa tisa niko Kasenga kwa mwalimu Gédéon, yule aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilitaka neno moja tu, lile la Noella: lose, kupoteza. Mimi naliandika na o mbili, loose, yeye anasema hapo ni kamba iliyolegea. Nilimkatalia wiki mbili.

"Papa, o ni moja."

"Weye ulizaliwa mwaka gani?"

Jirani Herménégilde ananingojea njiani: "Mzee Nyandwi, Kingereza cha Mpulungu kilizama na mtumbwi?"

Nimelishinda. Leo ni lose, jana ni lost. Ufunguo ukipotea, timu ikifungwa, mtu akifiwa, wenyewe wanatumia lilo hilo. Mwalimu hajapata mwanafunzi kama minye.

Ndani ya bahasha kuna kikaratasi. Usimsomee Noella, mpe mkononi. Nimemwandikia kwamba na mimi nilimpoteza tate yake, na kwamba siku ile sikuelewa, nilikuwa najionyesha mbele ya watu. Asipojibu, usimlazimishe. Nitaandika kingine.

Msalimie mume wako Lionel na mama mkwe wako Josée. Mungu awatangulie kila mnapotoka na kila mnaporudi.

Baba yako, anayekupenda kuliko anavyosema,
Nyandwi

Noella akikataa kwamba mwandiko ule ni wangu, Gédéon aliniona nikiandika. Herménégilde pia alikuwa amesimama mlangoni, na siku hiyo hakucheka.