Majamvi ya Mjomba Mjaka

Ole, Pemba
Ijumaa, baada ya alasiri

Kaka yangu mpenzi Haitham,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Unguja, na kile kikohozi kimeondoka. Sisi afya tunayo, alhamdulillahi, isipokuwa Mama hapati usingizi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya Baba inashinda barazani, na kila sauti unayotuma husikilizwa na wote waliokaa. Jirani yetu Bi Mwanakhamis anapanda boti kesho, atakukabidhi mkononi.

Kaka, hapa kumebadilika. Skuli imefungwa mpaka kura zipite. Gari zilizojaa watu tusiowajua zinapita, na hakuna anayetoa salamu. Mama amefunga nguo zetu ndani ya kanga na kuziweka nyuma ya mlango. Nilipomuuliza tunakwenda wapi, alisema hatuendi popote, kisha akalikaza fundo.

Baba na Mjomba Mjaka hawasemezani tangu Mjomba apandishe bendera ya chama chake. Ule uwanja wa nyuma tunaoanikia karafuu pamoja, Baba ameugawa kwa mstari wa mawe. Alisema mtoto wake atakayegusa jamvi la upande wa pili asimwite baba tena. Mke wa Mjomba, Bi Asya, aliniuliza kwa sauti kubwa kama kuku wetu wameshajiandikisha, maana anawaona wanavuka mawe bila ya kitambulisho. Hakuna aliyecheka. Sasa na yeye amenyamaza.

Siku ya mwisho ya skuli, Mwalimu Ummkulthum alituambia tukihisi moyo unakwenda mbio kwa habari za uchaguzi, tuweke simu chini, tunywe maji, tuwataje kimoyomoyo watu tunaowapenda bila ya kuuliza kura zao. Nimejaribu. Kila nikitaja, Mjomba yumo.

Jumanne wingu lilitanda ghafla. Unaijua desturi yetu, mvua ikija kila mtu huanua karafuu zilizo karibu naye, ziwe za yeyote. Safari hii tulianua zetu tu. Mjomba alikuwa kwenye mkutano, Bi Asya amempeleka mtoto kliniki, na majamvi yao yote yalibaki wazi. Vijana wa barazani walisema ziachwe zirowe, wenyewe watiwe adabu. Mama alisimama mlangoni akitazama jasho la ndugu yake, asiweze kutoka wala kurudi ndani.

Matone ya mwanzo yalipoanguka sikuweza kuvumilia. Nilizunguka nyuma ya nyumba ili nisionekane. Kaka, nilimkuta Baba. Alikuwa peke yake upande wa pili wa mawe, kanzu imerowa, analikokota jamvi la Mjomba kuelekea jikoni kwao. Nilidhani atanipiga. Aliniambia nishike pembe ile, upesi, zisimwagike. Tuliziingiza zote. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nilimuuliza kwa nini, akasema, Haitham atanionaje?

Leo ninavunja ahadi hiyo, Mungu anisamehe. Katika sauti yako ya wiki iliyopita ulisema mzee akilegea mbele ya Mjaka, wewe huna baba. Watu walipiga makofi. Baba alicheka nao, halafu akaingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake. Baba hamchukii Mjomba. Anakuogopa wewe.

Umesema Jumatatu unakuja na wenzako, na vijana wa hapa wanakungoja. Mmoja wao alisema ukifika tu, kwa Mjaka hakulaliki. Sikuombi ubadilishe kura yako. Nakuomba, kabla hujapanda boti, utume sauti fupi: umsalimie Mjomba kwa jina lake, uulize hali ya mtoto. Sauti ya simu ya Baba huwa juu kabisa, na dirisha la Mjomba liko karibu na baraza. Wote wawili watasikia, na Baba atakuwa ameshapata ruhusa yako.

Mama anakusalimu sana, na anakuombea dua kila sala. Nami nakuombea. Ninapofunga barua hii wingu limerudi upande wa Wete, majamvi yote yako nje, na mawe yako palepale. Naweka kalamu chini niende uwanjani.

Mdogo wako akupendaye,
Nusaiba