Maziwa Yaliyoona Moto

Garissa, 15 Februari 2025

Abaayo Maka,

Assalaam aleykum. Natumai uko mzima, dada yangu, wewe na mama mkwe wako na ngamia wote, hata yule mkorofi. Mimi usiniulize. Kalamu hii nimeichomeka kwenye kipande cha kandambili, maana vidole havifungi tena. Ciku, mwalimu mwenzangu aliyenipa chumba hapa, alitaka aniandikie, nikakataa. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Siwezi kukutumia mwandiko wa mtu mwingine.

Juzi walinitia dawa ya kwanza ya dripu. Muuguzi alitafuta mshipa mpaka mikono yote miwili ikavilia damu, kisha nikakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi mchana nikiangalia dawa inavyodondoka. Nje jua linachoma mabati, na mimi baridi inapanda mkono hadi kwapani. Nilitetemeka mbele ya watu. Nililia, Maka, na wala si kwa maumivu. Baridi yabisi ilinipata huko kwenu Griftu kwenye joto lote lile, na sasa wananitia baridi nyingine ndani ya damu.

Mwalimu mkuu amesema nisiposhika chaki muhula wa pili nitastaafishwa kwa ugonjwa. Dawa nyingine zote zimeshindwa. Imebaki hii tu.

Jambo moja. Dawa hii inashusha kinga ya mwili. Daktari amekataza kabisa maziwa mabichi, anasema homa yake inaweza kuniua. Najua nyinyi ya ngamia hamchemshi. Basi usitume, au ukituma uyachemshe. Usinikasirikie.

Dada yako,
Wilkister


Griftu, 20 Februari 2025

Abaayo mwalimu,

Aleykum salaam. Sisi wazima, alhamdulillah. Mvua hakuna. Hiyo kulia yako sijapenda.

Maziwa nimechemsha! Mimi Maka binti Kulow nimechemsha maziwa ya ngamia. Mama mkwe amepiga kelele, anasema ngamia atakauka titi. Nikamwambia akauke, mwalimu apone. Imechemka mpaka imepanda juu, mimi nasimama hapo hapo. Ikapoa, nikamwaga kwa mtungi ya kufukizwa moshi, nikatia kikombe moja ya ile ya kuchacha ya juzi, ile tunakunywa sisi, haijaona moto, ndiyo ishike. Bila hiyo itaharibika njiani. Noordin ataleta na lori yake.

Kunywa yote. Ciku usimpe.

Abaayo yako,
Maka


Garissa, 27 Februari 2025

Abaayo Maka,

Salaam nyingi. Ciku anakusalimu na anakulalamikia.

Mtungi ulifika umefungwa gunia lililoloweshwa maji. Nilikunywa hata kabla Noordin hajageuza lori. Ile harufu ya moshi ilinirudisha kibarazani kwako, nikamaliza mtungi wote kwa siku chache. Barua yako imenichekesha, hasa ulivyogombana na mama mkwe. Ila ni "mtungi wa", si "mtungi ya", na "kikombe kimoja". Nimeipigia mistari nyekundu, tutasahihisha nikirudi.

Jana nilishika chaki. Vidole vikaifunga, vibaya vibaya, lakini vikaifunga. Niliandika jina lako kwenye mlango wa chumba. Sitaki kutumaini, maana nimeshatumaini sana na kila mara nimeumbuka. Ila jina liko pale, linasomeka.

Dada yako,
Wilkister


Garissa, 16 Machi 2025

Maka wangu,

Ramadhani njema. Nisamehe, leo sitauliza habari nyingi.

Homa inakuja kila jioni. Shuka linalowa jasho, mgongo unauma kama umevunjwa. Dripu ya pili wamekataa kunitia. Mwili wenye homa hawaupi dawa ile. Vidole vimegoma upya. Waliniuliza kila nilichokula na kunywa, nikawaeleza chote. Wananitibu, lakini daktari akizungumza nami siku hizi anaangalia dirisha.

Usiniulize homa imetoka wapi. Imeshaingia.

Barua yako nimeirudia. Mara ya kwanza nilikuwa nasoma makosa ya kuandika tu.

Usitume maziwa tena, tafadhali. Si kwa ubaya, wallahi. Nakupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Naogopa, Maka, na nimechoka hata kuogopa.

Dada yako,
Wilkister


Griftu, 22 Machi 2025

Abaayo,

Salaam. Sisi wazima, wewe tu ndiye mgonjwa.

Nimelia mbele ya watoto. Umekataa maziwa yangu. Kwetu mtu akikataa maziwa yako amekukataa wewe, unajua hiyo, umekaa na sisi miaka mingi. Nimekosa nini? Mama mkwe anasema mgonjwa hana maneno, mpe tu. Hata yeye amekuja mwenyewe kuweka kuni.

Basi nimetuma mtungi kubwa. Nimechemsha mara mbili. Ya kuchacha nimetia vikombe viwili, ndiyo ipate nguvu. Kila futari nakuombea. Kunywa kwa ajili yangu.

Abaayo yako,
Maka


Griftu, 4 Aprili 2025

Abaayo Wilkister,

Assalaam aleykum. Idd imepita, nguo mpya sijavaa.

Noordin amerudi jana. Mtungi iko vile vile, kifuniko haijafunguliwa. Karatasi hakuna. Nimemuuliza, yeye anaangalia tairi. Anasema chumba yenu imefungwa, na jina langu bado iko kwa mlango na chaki. Anasema Ciku amepanda gari na walimu wengine, wamekwenda Siaya.

Ciku kwao ni Nyeri. Siaya ni kwenu. Anakwenda kwenu kufanya nini bila wewe? Ama uko na yeye ndani ya hiyo gari? Kama umepelekwa nyumbani kupumzika, ungeniambia.

Maziwa sijamwaga. Noordin anaondoka tena Jumatatu, nitakuwa pale barabarani.

Hii barua nimeandika polepole sana, hata ile "kikombe kimoja" nimejifunza. Ukiona makosa yangu niambie yote, usinifiche.

Abaayo yako,
Maka